Mwalimu wa Maneno ya Mambo Yasiyoeleweka

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Léontine Feza, wa Institut Ukingoni hapa Kasuku, mjini Kindu, anafunga kazi aliyoianza Septemba 1988. Ni miaka thelathini na saba ya masomo katika shule moja, akifundisha somo moja, yaani Kiingereza, na akiishi katika nyumba moja ya walimu, nyumba namba nne. Kamati ya sherehe imeomba wasifu wa kurasa chache, nayo imeomba uwe mchangamfu. Tutajitahidi. Lakini kila aliyewahi kusahihishwa na Mwalimu Léontine anajua kwamba sifa isiyo na ushahidi hupigwa mstari mwekundu; kwa hiyo hapa yameandikwa yaliyotokea tu. Maneno ya wanafunzi na majirani yamenukuliwa kama yalivyosemwa, pamoja na njo letu lenye maana ya ndiyo, bila kusahihishwa, ingawa kalamu ilitamani sana.

Alirudi Kindu kutoka masomoni Kisangani akiwa na sanduku moja la nguo na kamusi moja kubwa ya Kiingereza, nene kama tofali. Mwaka 1992 aliolewa na Bwana Valère Amuri, fundi wa breki za mabehewa pale stesheni, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye mikono iliyonuka grisi hata siku ya Jumapili. Bwana Valère alizoea kuwaambia wenzake, "Mimi nilioa watu wawili, bibi na buku yake. Na ile buku njo inakula nafasi kubwa kitandani." Mwaka 1995 akazaliwa binti yao wa pekee, Annie.

Agosti 1998 behewa moja la mizigo liliharibika njiani kuelekea Kongolo, upande wa kusini, na Bwana Valère akatumwa kulitengeneza. Alipanda treni asubuhi, akiwa na mkoba wa vifaa na mihogo iliyochemshwa. Alimwambia mkewe mlangoni, mbele ya majirani wawili ambao bado wapo na wanakumbuka, "Musitoke hapa. Nitawakuta hapa hapa." Alitegemea kurudi baada ya wiki moja. Kabla ya wiki mbili kwisha vita vilikata reli. Treni hiyo haikurudi, wala habari zake. Haikuja barua, haukuja mkoba, hakuja mtu wa kusema alimwona.

Miaka iliyofuata inajulikana kwa kila aliyekuwa Kindu. Mji ulizingirwa. Chumvi ilikuja kwa baiskeli kutoka mbali, ikisukumwa na vijana waliolala porini siku nyingi. Shule yetu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Siku moja ya ufungaji huo waporaji walichukua mabati ya madarasa mawili, madawati, kengele, na kamusi ya Mwalimu Léontine. Kengele alisema inaweza kubadilishwa kwa chuma chochote. Kamusi, alisema, haiwezi.

Masomo yalipoanza tena, katika darasa la tano la sekondari lililobaki na wanafunzi kumi na wanane chini ya turubai, msichana mmoja aliyeitwa Geneviève, binti wa mvuvi, alinyoosha mkono. Aliuliza, "Madame, Kiingereza iko na neno gani ya mambo kama haya? Haya yenye hatuelewi?" Mwalimu Léontine aliandika ubaoni mysterious. Akaliangalia. Kisha akalifuta yeye mwenyewe kwa kiganja, akasema kwamba hilo ni neno la mtu aliyechoka kutazama, na kwamba darasani mwake halitatumika tena. Mambo yasiyoeleweka si ya namna moja, alisema. Kwa hiyo hata maneno yake si mamoja.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao shule hii imeufuata kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumatatu aliandika neno moja la Kiingereza la jambo lililofichika au gumu kueleweka. Mwanafunzi hakuruhusiwa kulitumia mpaka alete mfano alioushuhudia kwa macho yake mwenyewe hapa Kindu. Si mfano wa kitabuni, si wa kusikia redioni, si wa kuambiwa na mjomba. Mwalimu aliuliza swali moja tu: umeona? Asiyeona aliketi.

Hivyo cryptic likawa alama za chaki ambazo makarani wa reli walizichora ubavuni mwa mabehewa, misalaba na duara na namba, ambazo makarani wenyewe hawakukubali kuzieleza. Inscrutable, la kitu kisichosomeka, likawa uso wa mkuu wa shule wa wakati huo anaposoma matokeo ya mtihani wa taifa, na mkuu huyo, Mungu amrehemu, aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza mwaka ule, akaharibu mfano. Arcane, la maarifa ya wachache, lililetwa na Yassine, kijana wa familia ya zamani ya Waislamu wa mji huu. Alileta karatasi ya babu wa babu yake, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alisema, "Madame, hii njo Kiswahili yetu wenyewe. Iko ndani ya nyumba yetu, na hakuna hata mumoja wetu anaweza kuisoma." Darasa likapokezana karatasi ile kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga.

Kisha zikaanza kuonekana kurasa za ile kamusi iliyoporwa. Sokoni Kasuku, wauzaji wa karanga walikuwa wakifunga bidhaa yao kwa karatasi yoyote, na siku moja Geneviève alinunua karanga zilizofungwa katika neno enigma, yaani fumbo. Alizimwaga karanga kwenye mfuko wa sketi, akakimbia na karatasi hadi shuleni. Tangu siku hiyo darasa zima liligeuka kuwa walaji wa karanga. Wazazi walilalamika kwamba watoto hawali ugali. Kurasa zilirudi moja moja, zenye mafuta na chumvi, na Mwalimu Léontine alizipanga kwa alfabeti ndani ya boksi la sabuni.

Wengi wa wauzaji walijaza bidhaa zao katika karatasi bila kujali. Lakini Mama Philomène, aliyekuwa na bunda kubwa kuliko wote, alianza kuingiwa na hofu. Aliona wanafunzi wanachagua karatasi kuliko karanga. Aliona zimeandikwa lugha asiyoijua. Katika miaka ile, mtu aliyekutwa na karatasi asizoweza kuzieleza aliweza kupotea pamoja nazo. Akaenda nyuma ya nyumba akaziteketeza kurasa zote zilizobaki, kuanzia herufi ya P hadi mwisho. Siku iliyofuata Mwalimu alipokwenda mwenyewe kuuliza, Mama Philomène alijishika kichwa. "Mwalimu! Mimi nilifikiri njo mabarua ya siri ya vita! Niliona watoto wako wanayatafuta, nikasema, leo wanakuja kunishika! Nikayachoma yote, na hata nilikoroga majivu!"

Mwalimu Léontine aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akacheka mpaka machozi, na waliokuwapo wanasema hawakuwa na uhakika yalikuwa machozi ya namna gani. Maneno yote kuanzia P aliyafundisha baadaye kutoka kichwani. Mkaguzi mmoja aliyekuja na kamusi mpya mwaka 2009 alikagua orodha yake yote na kupata kosa moja. Mwalimu alimwonyesha kwamba kosa lilikuwa la kamusi.

Mwaka 2003 walinda amani waliosema Kiingereza walipofika mjini, hapakuwa na mkalimani mwingine. Mwalimu Léontine alikalimani mikutano ya chifu, ya wafanyabiashara na ya akina mama wa soko, asubuhi, kisha akarudi kufundisha mchana. Hakuomba cheti. Kila alipomaliza kazi na afisa fulani, aliomba jambo moja: kama kuna orodha yoyote ya watu waliokuwa kwenye treni zilizokwama upande wa kusini. Maafisa wengi waliahidi kuuliza. Mmoja aliuliza kweli, akarudi baada ya mwezi. Alimjibu kwa adabu kwamba habari za treni ile bado ni elusive.

Jumatatu iliyofuata neno hilo lilikuwa ubaoni. Hakusema alilipata wapi. Wiki tatu zilipita bila mfano. Ndipo Geneviève, wakati huo akiwa ameanza kufundisha kama msaidizi, alipoliletea darasa kambale hai kutoka mtego wa baba yake, akamwachia juu ya meza. Kambale alianguka, akapita chini ya madawati, mikononi mwa Yassine, akatoka mikononi mwa Yassine, akafika mlangoni. Wavulana walimrukia wakagongana vichwa. "Mushike!" "Wewe mushike, mimi nimemushika mara mbili!" Alipokamatwa hatimaye kwa shati la mtu, darasa lilikuwa hoi kwa kicheko. Mwalimu Léontine alisema kwamba kila mtu alimgusa na hakuna aliyemshika, na kwamba mfano ni sahihi. Kisha akatoka nje kidogo. Ni wakati huo walimu wenzake walipoelewa neno lile lilitoka wapi.

Treni ya kwanza kutoka kusini baada ya vita ilipoingia Kindu, mji wote ulikuwa stesheni. Mwalimu Léontine alisimama karibu na behewa la mwisho, amevaa kitenge alichokuwa hajakivaa kwa miaka sita, amemshika Annie mkono. Alisubiri mpaka abiria wa mwisho akashuka, na baada yake wapakuaji, na baada yao fundi, ambaye hakuwa yeye. Aliwauliza wafanyakazi wa treni jina kwa jina. Halafu akarudi shuleni na kufundisha kipindi cha nne. Daftari la mahudhurio la mwaka ule lipo, na halionyeshi kipindi alichokosa.

Inatakiwa kusemwa, kwa kuwa wengine walishangaa hadharani, kwamba mara mbili alipewa cheo cha kwenda kuwa mkaguzi wa lugha, kwanza Bukavu, kisha Kinshasa. Mara zote mbili alikataa kwa barua fupi. Katika barua ya kwanza alitaja baridi. Katika ya pili alitaja joto. Idara ilimwona mtu asiyeeleweka. Hapa Ukingoni hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Ahadi ilitolewa kwenye mlango wa nyumba namba nne, na mtu akirudi kutoka safari ya namna ile hutafuta mlango anaoujua.

Kwenye baraza ya nyumba hiyo vipo viti viwili vya mbao. Mgeni akija hupewa benchi. Mkuu wa wilaya alipokuja alipewa benchi. Kiti cha pili hupanguzwa kila siku saa kumi jioni, Mwalimu anaporudi kutoka darasani, na hakuna anayekikalia. Jambo hilo halikuzungumzwa kamwe. Katika maneno zaidi ya mia tatu aliyoyafundisha kuhusu mambo yasiyoeleweka, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtaja Bwana Valère, na kila mtu, hata wa darasa la kwanza, alijua sababu.

Mwaka huu, Aprili, barua ya kustaafu ilipofika, Mwalimu Léontine aliandika barua yake kwa mkuu wa shule. Mkuu huyo ni Madame Geneviève yuleyule wa karanga na kambale. Mwalimu aliomba kuendelea kukaa nyumba namba nne akiwa mpangaji, kwa muda usiojulikana. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha pangiwa mrithi wake, Bwana Franck, ambaye mpaka leo analala na mke na watoto watatu katika chumba cha maabara, kati ya chupa tupu na mifupa ya bundi. Annie naye, ambaye sasa ni mkunga huko Obokote, alikuwa amemwandikia mama yake mara tatu aende kuishi naye na wajukuu.

Kamati ilikutana mara mbili. Hakuna aliyethubutu kusema hapana. Hakuna aliyeweza kusema ndiyo na kisha kupita mbele ya maabara. Madame Geneviève aliiweka barua katika saraka, na kwa wiki tano alipita njia ya nyuma ili asikutane na mwalimu wake. Bwana Franck, kwa heshima, alikuwa amekwisha kusema, "Mimi nitabaki hapa na mabundi, muache Mama." Mkewe hakusema hivyo, na hatuwezi kumlaumu.

Jumatatu ya tarehe 2 Juni ilikuwa zamu ya neno la mwisho. Ubaoni liliandikwa unfathomable, ambalo Mwalimu alilieleza kuwa ni la jambo lenye kina kisichofikiwa na kipimo chochote. Walimu kadhaa tulikuwa tumeomba kuketi nyuma. Vijana wawili walitoa mfano wa maji ya Lualaba mahali ambapo pondo la mtumbwi haligusi chini, wakapewa alama. Ndipo akasimama Aziza wa darasa la sita, msichana ambaye kwao ni nyumba ya pili kutoka namba nne. Alisema, "Madame, mufano yangu njo kiti. Ile kiti ya pili, kule kwa baraza yenu. Kila siku munaipanguza, na hakuna muntu anaikaa."

Mtu mmoja nyuma alimvuta Aziza sketi ili aketi. Hakuketi. Mwalimu Léontine alimuuliza swali lake lilelile: umeona? Aziza alijibu, "Nimeona, Madame. Tangu niko mutoto nakiona. Mama anasemaka tusiseme. Lakini kama si hiyo, mimi sijue ingine."

Mwalimu Léontine aligeukia ubao. Aliandika neno kiti mbele ya neno lile, kwa mwandiko wake ulionyooka, na akaweka alama ya sahihi. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba mfano ni mzuri, ila haujakamilika, kwa sababu mwanafunzi ameutaja kutoka upande wa barabara. Upande wa ndani, alisema, anayekipanguza hujua kabisa kwa nini anakipanguza, na hakuna fumbo lolote ndani yake. Alisimulia kwa dakika chache, mbele ya darasa, kwa mara ya kwanza, habari za Bwana Valère: mikono yake ya grisi, mihogo, na maneno ya mlangoni. Alimtaja kwa jina lake kamili. Alimwambia Aziza, "Asante, mwanangu. Kaa."

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Madame Geneviève kabla ya kengele, akaomba arudishiwe barua yake. Madame Geneviève alianza kulia akitafuta ufunguo wa saraka. Mwalimu alimwambia aache, kwamba wino wa barua hizi za siku hizi hautaki maji. Alieleza uamuzi wake kwa maneno machache. Kwa miaka ishirini na saba aliogopa kwamba siku akiondoka katika mlango ule, Valère atafika na asikute mtu wa kumwambia chochote. Sasa ameona kwamba darasa zima linamjua. Mtu anayejulikana na watu wengi hivi hawezi kufika Kindu akakosa wa kumwelekeza. Atakwenda Obokote, kwa binti yake, naye anajua Valère atatamani kuwaona wajukuu kuliko kuuona mlango.

Alimkabidhi Bwana Franck ufunguo yeye mwenyewe, barazani, lakini si kabla ya mtihani. Bwana Franck alitakiwa kueleza, bila kuangalia karatasi, mgeni fulani akija kuuliza njia ya Obokote ataambiwa nini. Mara ya kwanza alisahau Punia, mji wa njiani. Mara ya pili alisema kulia badala ya kushoto. "Tena," alisema Mwalimu. "Mama, huyu mugeni ni fundi wa treni, atauliza tu njiani!" alijitetea Bwana Franck, huku mkewe akicheka dirishani na magodoro yakiwa tayari njiani. "Tena, Franck." Mara ya nne alipita. Mkewe na watoto wote watatu walipimwa pia, na mdogo, mwenye miaka mitano, ndiye aliyepata alama ya juu.

Samani nyingine za Mwalimu zimegawiwa majirani. Viti viwili vinasafiri.

Tunamshukuru Mwalimu Léontine Feza kwa miaka thelathini na saba ya kazi iliyonyooka. Kwa kutufundisha kwamba mtu asiyeelewa jambo anapaswa kulitazama zaidi, si kulipa jina upesi na kuondoka. Na kwa kutuvumilia tuliponyamaza tukidhani kunyamaza ni heshima. Huko Obokote tunakuombea, Mama, afya, wajukuu wasumbufu, mvua za wakati wake, na siku nyingi zenye amani. Sisi tuliobaki tutakukosa kila Jumatatu.

Kwa ombi lake, na kwa kura ya walimu wote, nakala za wasifu huu zitabandikwa stesheni, bandarini na sokoni Kasuku, na zitabadilishwa kila zinapoharibiwa na mvua. Kwa hiyo mistari ya mwisho haimhusu mstaafu wala wageni wa sherehe.

Bwana Valère Amuri, fundi wa breki, uliyetoka Kindu Agosti 1998: mke wako alikungoja pale pale ulipomwambia. Sasa yuko Obokote, kwa Annie. Pitia Punia, ufuate barabara ya Lubutu. Ukifika Obokote, ni nyumba ya tatu upande wa kushoto baada ya kituo cha afya. Ukienda kwanza namba nne, hujakosea. Bwana Franck atakupa maji ya kunywa, na mtoto wake mdogo atakuonyesha njia.